Uliza Ujibiwe: MCAT, kwa anayekesha kazini na wengine waliotuandikia

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Marekani na vingi vya Kanada. Kwa ambao hawajaukuta: unafanyika kwenye kompyuta, una sehemu nne (kemia na fizikia; CARS, yaani kusoma na kuchambua vifungu; baiolojia na baiokemia; saikolojia na sosholojia) na maswali 230, na ukijumlisha mapumziko utakaa pale kama saa saba na nusu. Kila sehemu hupimwa kuanzia 118 hadi 132, kwa hiyo jumla ni kati ya 472 na 528, na katikati ni 500. Wanaopata nafasi vyuo vya MD (shahada ya udaktari) huwa na wastani wa 511 hadi 512. Wenye mtihani ni AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari vya huko. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Nimesoma vitabu vyote mara mbili, nikapata 493

*Habari za kazi, wahariri. Nina miaka 27. Ninafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) katika nyumba ya wazee, zamu tatu za usiku kwa wiki, saa 12 kila zamu. Digrii ya baiolojia nilimaliza mwaka jana. Nimesoma seti nzima ya vitabu vya MCAT mara mbili, na daftari langu la muhtasari limefika kurasa 200. Juzi nimefanya mtihani wangu wa kwanza wa majaribio nikapata 493. Nirudie vitabu mara ya tatu au ninunue vingine?*
*— Mkesha, Columbus, Ohio*

Usirudie, ndugu, na usinunue. Bidii unayo. Kilichokuponza ni kwamba mtihani wa majaribio, ambao ungeufanya wiki ya kwanza ili ujue pa kuanzia, umeufanya baada ya miezi ya kusoma gizani.

Wengi wetu tumekulia kwenye mitihani ya aina nyingine: unapiga msuli, unameza notisi, unapitia mitihani ya miaka kumi iliyopita, na swali likija unalitambua kama jirani yako. MCAT haitambuliki hivyo. Katika sehemu tatu za sayansi, kila moja ina maswali 59. Kati ya hayo, 44 yanatokana na vifungu 10 vya habari ambavyo hujawahi kuviona, mara nyingi maelezo ya jaribio la maabara pamoja na majedwali na grafu zake. Ni 15 tu yanayojitegemea. Kwa hiyo mtu anaweza kuijua kazi ya vimeng'enya tangu kidato cha tatu na bado akakosa, kwa sababu ameulizwa kwa nini mstari mmoja wa grafu umeshuka baada ya watafiti kubadilisha asidi amino moja. Hilo halimo katika zile kurasa 200, na halitaingia hata zikifika 400.

Anza na hiyo 493 yenyewe. Rudi swali kwa swali, pamoja na yale uliyopata, na ujaze jedwali: namba ya swali, somo, kwa nini nilichagua nilichochagua, kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na safu ya mwisho aina ya kosa. Aina ziwe tano tu. "Sikujua": somo lenyewe halimo kichwani. "Sikuona": jibu lilikuwa kwenye kifungu, jedwali au grafu ukalipita. "Swali": ulijibu ambacho hukuulizwa. "Hesabu". Na "bahati": umepata, lakini kwa kubahatisha. Hizo za bahati zihesabu kama makosa, maana siku ya mtihani bahati hiyo inaweza isije.

Ukimaliza, hesabu kila aina. Aliyesoma vitabu mara mbili kwa kawaida hukuta "sikujua" ni chache kuliko alivyodhani, na "sikuona" na "swali" ndizo zimejaa. Kila kosa lina dawa yake. "Sikujua" hutibiwa kwa kusoma mada hiyo moja, si sura nzima, na kutengeneza kadi mbili tatu za kukumbusha. "Sikuona" hutibiwa kwa mazoezi ya grafu: kabla ya kugusa swali lolote, sema kwa sentensi moja mhimili wa chini ni nini, wa wima ni nini, na kundi la kulinganishia ni lipi. "Swali" hutibiwa kwa kuficha majibu kwa mkono, kulisema swali upya kwa maneno yako (Kiswahili kinaruhusiwa, hakuna atakayekusikia), kisha kufunua. Maswali yote uliyokosa yarudie baada ya wiki tatu. Ukikosa lilelile tena, ujue mara ya kwanza uliyakariri maelezo hukuyaelewa.

Sasa ratiba. Lenga saa 300 za kazi halisi, simu ikiwa chumba kingine. Kwa zamu zako, saa 15 kwa wiki zinawezekana, nazo zitakupa wiki 20. Siku nne usizofanya kazi, moja iwe ya kulala na familia, tatu ziwe za kusoma saa nne nne. Hizo ni 12. Saa tatu zilizobaki zigawe nusu nusu kwa siku sita, za kurudia kadi. Programu ya Anki inatosha kwa kadi, na ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android; kwenye iPhone inalipiwa. Tahadhari moja: usiongeze kadi mpya zaidi ya 20 kwa siku. Programu huzirudisha kila moja mara nyingi, na 20 mpya kila siku baada ya wiki kadhaa hugeuka marudio zaidi ya 150 kwa siku. Hapo ndipo wengi huitupa.

Usijaribu kusoma asubuhi unapotoka zamu. Saa mbili za macho mekundu ni saa mbili za kugeuza kurasa. Kalale.

Wiki ya 1 hadi ya 8 fuata mada ulizozikuta dhaifu kwenye jedwali, kwa sharti hili: saa moja ya kusoma, saa moja ya maswali ya mada hiyohiyo, siku hiyohiyo. Wiki ya 9 hadi ya 14 achana na vitabu, fanya vifungu kwa saa ya ukutani, ukichanganya masomo, kwa sababu mtihani hautakuambia "sasa ni fizikia". Wiki ya 15 hadi ya 20 fanya mtihani mmoja kamili kila wiki. Ya kampuni za kibiashara itangulie na ya AAMC yenyewe iwe ya mwisho, maana ndiyo inayofanana na mtihani wa kweli kwa lugha na kwa ugumu. Baadhi ya hiyo ya AAMC ni ya bure. Mtihani kamili unakula siku nzima, na kuusahihisha kwa jedwali kunakula siku nyingine mbili. Anayefanya mitatu kwa wiki bila kusahihisha anajipima homa kila saa bila kunywa dawa.

Na mwili wako usiusahau. MCAT huanza saa 2 asubuhi, saa ambayo wewe ndiyo kwanza unavuta shuka. Omba likizo au zamu za mchana kwa wiki mbili za mwisho, uamke saa 12 kila siku, na mitihani miwili ya mwisho ya majaribio uianze saa 2 asubuhi kamili, kwa mapumziko yaleyale: dakika 10 baada ya sehemu ya kwanza, 30 za chakula baada ya ya pili, 10 baada ya ya tatu. Chakula hicho nacho kijaribu mapema. Wali na maharage sahani kubwa saa sita mchana, kisha maswali 59 ya baiolojia, utasinzia.

Kiingereza ni lugha yangu ya nne, CARS inaniangusha

*Jambo wakubwa. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Ninajua Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza nimejifunzia hapa Marekani. Sayansi ninapata 126 au 127, lakini CARS ni 120 kila mara. Je, AAMC huwaongezea muda watu wa lugha nyingine? Nikariri maneno magumu? Na ada yao, hakuna nafuu kwa wakimbizi?*
*— Louisville, Kentucky*

Muda wa ziada kwa sababu ya lugha haupo. Hutolewa kwa wenye ulemavu au maradhi yaliyothibitishwa. Nafuu ya ada ipo: AAMC ina mpango wa msaada unaopunguza ada ya mtihani, unatoa vitabu na mitihani ya mazoezi bure, na baadaye unafuta ada za maombi kwa idadi fulani ya vyuo. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba, pamoja na raia na wenye ukaazi wa kudumu, ilimradi kipato kiwe chini ya kiwango chao. Omba kabla hujalipia mtihani, kwa maana ukishalipa hawakurudishii tofauti.

Tuje kwenye CARS. Hii ni sehemu ya pili ya mtihani: vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Kila kifungu kina maneno kama 500 hadi 600, kuhusu falsafa, muziki, historia, uchumi, usanifu wa majengo, chochote isipokuwa sayansi. Hakuna unachotakiwa kukijua kabla, na ukikijua ni hatari zaidi, kwa sababu utajibu kwa unachokijua badala ya kilichoandikwa. Ukisoma kifungu kuhusu ukoloni Afrika na mwandishi akasema jambo unalolipinga kwa moyo wote, jibu sahihi bado ni lile la mwandishi. Sehemu hii haidharauliki: chuo cha McMaster kule Hamilton, Kanada, katika MCAT nzima hutazama alama ya CARS peke yake.

Orodha za maneno magumu ziache. Kwanza hazina mwisho. Pili, wewe una mtaji ambao wengi hawana, yaani Kifaransa. Maneno mengi mazito ya Kiingereza cha wasomi ni ndugu wa Kifaransa. Jihadhari tu na wale ndugu wa uongo: *sensible* kwa Kiingereza ni mwenye busara, kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. Maneno ya kuyajua barabara ni machache na ni madogo, yale yanayogeuza njia ya hoja: *albeit*, *notwithstanding*, *hardly*, *rather than*, *insofar as*. Mtu akilipita *hardly* bila kuliona, kifungu kizima anakielewa kinyume.

Zoezi lenyewe ni hili. Kila ukimaliza aya, simama sekunde tano, ujiulize mwandishi *amefanya* nini hapa. Usijiulize amesema nini. Ametoa dai? Ametoa mfano? Amemnukuu mpinzani ili ampige? Andika maneno matatu kwa Kiswahili kama unataka: "dai", "mpinzani", "anajibu". Kifungu kikiisha, sema kwa sentensi moja msimamo wake, pamoja na ukali wake: anaunga mkono kabisa, anaunga mkono kwa masharti, ana shaka, anakejeli. Ukikosa sentensi hiyo usiende kwenye maswali. Wanaopata 120 mara nyingi wanaelewa kila sentensi na hawaelewi mwandishi yuko upande gani, hasa pale anapoeleza mawazo ya mtu mwingine kwa aya mbili kabla ya kuyapinga.

Majibu ya uongo nayo yana tabia zake. Moja husema jambo lililomo kwenye kifungu kweli, ila halijibu swali lililoulizwa. Hilo ndilo linalonasa watu makini. Jingine limezidisha: mwandishi kasema "mara nyingi", jibu linasema "daima". Jingine ni kinyume kwa neno moja. Jingine ni la busara sana, unalipenda, lakini halimo. Kwa kila swali unalokosa andika ni lipi kati ya haya lililokunasa. Baada ya vifungu 30 utaona una mtego wako mmoja unaourudia.

Halafu kuna maswali ya kukanusha, yenye NOT, EXCEPT au LEAST kwa herufi kubwa. Sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "ndiyo, sijala", Mwingereza anajibu "hapana". Ukanushaji unatugeuka haraka tukichoka. Usiubebe kichwani. Kwenye ubao mwembamba wanaokupa siku ya mtihani andika A, B, C, D, weka alama ya ndiyo kwa kila linaloungwa mkono na kifungu, na lisilo na alama ndilo jibu.

Kasi ije mwisho. Wiki nne za kwanza fanya vifungu viwili kila siku bila saa, hata kimoja kikichukua dakika 20, mpaka uwe unakosa moja au mbili tu kwa kifungu. Kisha dakika 14, wiki inayofuata 12, halafu 10. Mwenye haraka ya kuanzia dakika 10 hujizoeza kukosa upesi. Maswali ya CARS ya AAMC yahifadhi kwa miezi miwili ya mwisho: mantiki yao ni ya kwao, na kampuni nyingine zinaiga tu. Na kila siku fanya kidogo. Vifungu 14 Jumamosi moja havilingani na viwili kwa siku saba.

Muda unaniishia kwenye kemia na fizikia

*Shikamooni. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) nyumbani, fizikia haikuwa shida. Lakini hapa sehemu ya kwanza ninaacha maswali 9 au 10 bila kuyagusa. Nimezoea kalkuleta.*
*— Binti wa Kilimanjaro, Houston*

Marahaba, binti. La kwanza kabisa: usiache swali tupu. Hakuna kukatwa alama kwa kukosa. Zikibaki dakika mbili, yajaze yote yaliyobaki kwa herufi moja.

Kalkuleta haipo, ni kweli, na mtihani umeandikwa kwa kulijua hilo. Majibu manne huwa yametengana vya kutosha, kwa hiyo anayekokotoa hadi nukta mbili za desimali anajichosha bure. Mfano: asidi ya asetiki yenye ukolezi wa 0.10, Ka ni 1.8×10⁻⁵, pH ni ngapi? Zidisha: 1.8×10⁻⁶. Ifanye 2×10⁻⁶. Kipeuo chake cha pili ni karibu 1.4×10⁻³. Namba kubwa kidogo kuliko 10⁻³ maana yake pH ni ndogo kidogo kuliko 3. Tafuta jibu la 2.9, songa mbele. Kanuni ya jumla: logi hasi ya namba kama 4×10⁻⁹ daima iko kati ya 8 na 9, na kwa kuwa logi ya 2 ni 0.3 na ya 3 ni karibu 0.5, nyingine zote utazikadiria (4 ni 2 mara 2, yaani 0.6, basi jibu ni 8.4). Mchapuko wa mvutano wa ardhi (g) uchukulie 10. Sini ya 30 ni 0.5, ya 45 ni 0.7, ya 60 karibu 0.87. Hisabati za kalkulasi hazihitajiki hata kidogo.

Uliza vipimo kabla ya namba. Ikiwa swali linataka juli na majibu mawili yana vipimo vya nguvu, umeshayaondoa bila kuzidisha chochote.

Kwa saa, una dakika 95 kwa maswali 59. Vifungu 10 kwa dakika 8 ni 80, na maswali 15 ya kujitegemea kwa dakika moja moja ni 15. Zimeisha. Andika kwenye ubao wako namba hizi mbili kabla hujaanza: ukifika swali la 20, skrini ioneshe dakika 63 zimebaki; la 40, dakika 31. Swali likizidi dakika mbili, weka jibu lolote, liwekee bendera, ondoka. Wanaoacha maswali 10 kwa kawaida wameyapoteza kwenye maswali matatu waliyoyang'ang'ania.

Jambo jingine ambalo waliosoma PCB hushangazwa nalo: fizikia ni robo tu ya sehemu hiyo. Kemia ya kawaida ni kama asilimia 30, baiokemia 25, kemia ya ogani 15. Kama unatafuta alama za haraka, zijue asidi amino 20 kama majina ya wadogo zako: jina, herufi tatu, herufi moja, na chaji yake kwenye pH ya mwili. Aspatiki na glutamiki ni hasi, lisini na arjinini ni chanya, na histidini ndiyo kinyonga, kwa kuwa pKa yake ni karibu 6. Zinatokea sehemu ya kwanza na zinarudi ya tatu.

Na hukuuliza, lakini sehemu ya nne, ya saikolojia na sosholojia, kwa wengi wetu haikuwamo shuleni kabisa. Ni maneno, mamia ya maneno yanayofanana, na ndiyo sehemu inayopanda haraka kuliko zote kwa kadi. Yajifunze kwa Kiingereza chake lakini kwa mfano wako mwenyewe. *Negative reinforcement*, kwa mfano, watu huiita adhabu na wanakosa. Gari linapiga kelele mpaka ufunge mkanda. Ukifunga, kero inaondoka, na kesho utafunga mapema. Tabia imeongezeka kwa kuondolewa kero. Adhabu hupunguza tabia. Kadi isiyo na mfano wa namna hiyo haitakusaidia kwenye kifungu.

Mwanangu afanye MCAT kutoka Mwanza?

*Mwanangu amemaliza kidato cha sita, PCB. Kuna mtu anataka pesa amsajili MCAT ili aende moja kwa moja chuo cha udaktari Marekani.*
*— Mzazi, Mwanza*

Usilipe, mzazi wetu. Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza, miaka minne juu ya minne. Hakuna chuo cha MD kitakachompokea kwa cheti cha kidato cha sita na MCAT. Hata wenye digrii za nje, vyuo vingi huwataka wawe wamesoma masomo kadhaa katika chuo cha Marekani au Kanada, na vinavyopokea wanafunzi wa kigeni ni vichache. Kujisajili mtihani kwenyewe hufanywa na mtahiniwa kwenye tovuti ya AAMC, hakuhitaji wakala.

Hapo nyumbani, MD ni miaka mitano moja kwa moja kutoka kidato cha sita, na matokeo ya PCB ndiyo mtihani wake wa kuingilia. Akihitimu na akitaka kufanya kazi Marekani, njia yake itakuwa mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, siyo MCAT.

Nina 502, ninataka 510, mtihani ni wiki tatu zijazo

*Nimefanya mitihani mitatu ya AAMC: 501, 503, 502. Nimeshalipia. Marafiki wanasema siku ya mtihani watu hupanda. Niende?*
*— Mama wa wawili, Minneapolis*

Mama, ahirisha. Mitihani yako mitatu inasema jambo moja kwa sauti moja. AAMC yenyewe huonyesha alama ya jumla pamoja na kipimo cha shaka cha alama mbili juu au chini. Kwa hiyo 502 yako inaweza kutoka 500 au 504. Alama 8 haziji kwa wiki tatu za mwisho kwa mtu ambaye amesimama palepale mara tatu. Tofauti ingekuwa alama mbili, au kama ungekuwa unapanda 496, 500, 504, tungesema nenda.

Tazama kalenda leo, si kesho. Gharama ya kuahirisha hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na zikibaki chini ya 10 hairuhusiwi tena. Usifikirie "nitakwenda kujaribu tu". Una nafasi tatu kwa mwaka mmoja, nne ndani ya miaka miwili, saba kwa maisha yote. Ukifika ukaamua mwishoni alama zako zisitolewe, nafasi hiyo imehesabiwa. Hata usipotokea kabisa, imehesabiwa. Na alama zilizotoka, vyuo vinaziona zote.

Unapochagua tarehe mpya, kumbuka matokeo huchukua kama mwezi, na maombi ya vyuo vya MD huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kwa ajili ya masomo ya mwaka unaofuata. Vyuo vingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Mtihani wa Aprili unakupa alama mkononi kabla hujatuma. Wa Septemba, mwisho wa msimu, bora uuhesabu wa maombi ya mwaka mwingine. Miezi hiyo ya kuahirisha isiwe ya kusoma upya kila kitu: rudi kwa jibu la Mkesha wa Columbus hapo juu, jedwali la makosa, uone 502 imekwama wapi. Alama iliyosimama mara nyingi ni kosa la aina moja linalojirudia katika sehemu zote nne.

Na kwa kuwa utaingia tena kwenye akaunti yako kubadili tarehe, ukiwa humo angalia jina. Jina la kwanza na la mwisho ulilosajilia lazima yafanane na kitambulisho utakachobeba, herufi kwa herufi, na kitambulisho kiwe hakijaisha muda. Majina yetu matatu huleta balaa hapa: leseni ya udereva ina jina la baba mwishoni, pasipoti ina la babu, na ukaazi una yote mawili yameunganishwa. Chagua kitambulisho kimoja sasa, sajili kama kilivyoandikwa, na hichohicho ndicho ukibebe. Mlangoni hawasikilizi maelezo.